Mwanga Unaopotelea Ukutani

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya Manundu pale Korogwe, au ya Chanika mjini Handeni, swali la kwanza la mnunuzi wa taa halibadiliki: "Hii ni ya wati ngapi?" Muuzaji anataja 7, 12 au 18. Mwenye nyumba yenye dari ya juu anachukua kubwa kuliko zote, kisha anaongeza mbili tatu, kwa sababu fundi kamwambia kwamba urefu unameza mwanga. Akihamia anakuta jambo la kushangaza. Kuta zinang'aa kwa juu, taa yenyewe inachoma macho ukiitazama, lakini mtoto aliyekaa mezani na daftari lake bado analalamika kuwa haoni vizuri.

Urefu haumezi mwanga. Hewa ya sebuleni haiwezi kuzuia chochote cha maana katika mita mbili za ziada, hata kama kuna vumbi la kiangazi. Mwanga wote uliotoka kwenye taa umo ndani ya chumba. Cha kuuliza ni umetua wapi. Taa za kuzama darini, ambazo mafundi wetu wanaziita spotilaiti, zinachaguliwa vibaya kila siku kwa sababu boksi linaandika wati kwa herufi kubwa, na jambo lenye uzito zaidi kwa dari ya juu, yaani upana wa mwale, linaandikwa pembeni kwa herufi za kutafuta kwa miwani.

Dari za juu si ugeni katika ukanda huu. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, reli kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902, na nyumba za wakubwa wa mashamba na wa reli zilijengwa kwa dari zilizopandishwa ili hewa ya moto ipande juu na waliokaa chini wapumue. Leo sababu ni nyingine. Paa la mtindo wa msauzi, lenye mwinuko mkali, linaacha nafasi kubwa chini ya kenchi, na fundi jipsamu anaweza kuipandisha dari ya sebule hadi mita 4 au 4.5, akaiwekea na ngazi za mapambo katikati. Wapo wanaosema ni maringo. Mimi nasema joto la Korogwe mwezi wa pili linatosha kumtetea mwenye nyumba.

Tuchukue sebule moja ya kufikirika tuifanyie hesabu: upana mita 5, urefu mita 6, dari mita 4.5 kutoka sakafuni. Meza ina kimo cha sentimita 75, kwa hiyo kutoka kwenye taa hadi juu ya meza ni mita 3.75. Jirani yake ana sebule ya ukubwa huohuo, ila dari yake ni ya kawaida, mita 2.7, kwake kutoka taa hadi meza ni mita 1.95.

Vipimo vitatu vinatosha kwa kazi hii. Wati ni umeme unaoingia kwenye taa. Lumeni ni mwanga unaotoka. Luksi ni mwanga unaotua: lumeni moja ikienea kwenye mita moja ya mraba inatoa luksi moja. Jua la mchana lililo wazi hufikisha luksi laki moja hivi, mwezi mpevu hata luksi moja haufiki, na sebule ya watu wanaozungumza na kutazama televisheni inaridhika na luksi 100 hadi 150. Kwa kusoma na kushona tunahitaji 300 au zaidi. Taa nzuri ya LED ya wati 12 hutoa lumeni kama 1,000. Koroboi waliyosomea babu zetu haikuzidi makumi machache.

Sasa tundika taa moja ya lumeni 1,000 juu ya meza kwa jirani. Ni taa ya mwale mpana wa nyuzi 120, kama zilivyo nyingi za bei nafuu, zile bapa zenye plastiki nyeupe usoni. Chini yake kabisa mezani utapata luksi 84 hivi. Ihamishie taa hiyohiyo kwenye dari ya mita 4.5 na meza inabakiwa na luksi 23. Kanuni ya fizikia hapa ni ya zamani: umbali kutoka kwenye taa ukiongezeka mara mbili, mwanga unaotua sehemu ileile unabaki robo. Umbali wetu umekaribia kuongezeka mara mbili, na mwanga umekaribia kubaki robo. Fundi anaposema urefu unameza, anachokiona ni hiki.

Lakini hiyo ni hesabu ya taa moja na nukta moja. Sebule ina taa kadhaa, na mwanga unaoikwepa meza iliyo chini ya taa moja unaweza kuiangukia iliyo chini ya taa nyingine. Ukikokotoa chumba kizima, picha inabadilika. Katika kila lumeni 100 zinazotoka kwenye taa za nyuzi 120 zilizosambazwa vizuri, kwa jirani 53 hivi zinafika moja kwa moja kwenye usawa wa meza. Kwenye sebule yetu ya juu zinafika 31. Ni upungufu mkubwa, ila si wa kubaki na robo. Tumebakiwa na kama asilimia 60 ya mwanga wa jirani. Lumeni zile 69 nyingine zimepiga ukuta kabla hazijafika chini.

Kwa hiyo katika chumba kirefu ukuta ni sehemu ya taa. Rangi nyeupe au ya krimu inarudisha asilimia 70 hadi 80 ya mwanga unaoipiga, na sehemu ya mwanga huo huteremka mezani kwa mzunguko. Kahawia iliyokolea hurudisha asilimia 10 au 20 tu, iliyobaki inageuka joto dogo lisilo na faida kwa mtu. Huku kwetu kuna desturi ya kupaka rangi ya mafuta ya kahawia au kijani kizito chini ya ukuta, hadi kiunoni, kwa ajili ya mikono ya watoto na udongo mwekundu wa Handeni unaoshika kila kitu. Desturi hiyo ina akili yake na siipingi, mradi rangi nzito isipande juu zaidi ya hapo. Aliyepaka ukuta mzima rangi ya chokoleti kwa sababu ameiona mtandaoni ajue kwamba ameongeza bili ya umeme bila kununua taa hata moja. Kopo la rangi nyeupe huenda likaongeza mwanga mezani kuliko taa mbili za ziada, na halihitaji LUKU.

Njia ya pili ya kuuokoa mwanga huo ni kuubana mwale. Fikiria mpira wa kumwagilia bustani: maji ni yaleyale, ila ukibana mdomo yanafika mbali. Taa ya lumeni 1,000 yenye mwale wa nyuzi 120 ilitupa luksi 23 mezani kutoka mita 3.75. Lumeni hizohizo, umeme uleule, zikipitishwa kwenye lenzi au kikombe cha kuakisi kinachobana mwale hadi nyuzi 60, meza inapata luksi 66. Zikibanwa hadi nyuzi 36 inapata 167. Hakuna wati iliyoongezeka.

Usikimbilie nyuzi 36, hata hivyo. Kutoka urefu ule, mwale wa nyuzi 36 unachora duara la mita 2.4 hivi mezani, na nje ya duara giza linaanza ghafla. Ukizipanga nyingi unapata sakafu yenye madoa na nyuso za wageni zenye vivuli chini ya nyusi na pua. Zinafaa kuonyesha kitu: picha ukutani, kinyago, meza ya chakula. Za nyuzi 60 zinachora duara la mita 4.3, duara moja likaingia ndani ya jingine, na sakafu ikaonekana tulivu. Kwa dari za kati ya mita 3.5 na 5 mimi ningeanzia hapo kila mara. Kama boksi halina kipimo cha mwale, itazame taa usoni. Ukiona plastiki bapa nyeupe isiyo na kina, hiyo ni nyuzi 110 au 120. Ukiona lenzi ya kioo au kikombe kinachong'aa, huku chanzo cha mwanga kikiwa kimezama ndani, mwale umebanwa. Kuzama huko kuna faida ya pili: aliyekaa kwenye kochi upande wa pili wa chumba haoni nukta kali ya mwanga inayomchoma macho.

Sasa kuna pangaboi. Sijaona mwongozo wa taa ulioandikwa kwa ajili ya nchi za baridi ukilitaja, lakini sebule ya Korogwe bila pangaboi ni vigumu kuifikiria. Kwenye dari ya mita 4.5 linaning'inizwa kwa fimbo ndefu hadi kama mita 3 kutoka sakafuni, maana yake taa ziko mita moja na nusu juu ya mapanga yake. Taa yoyote ambayo mwale wake unapita kwenye mzunguko wa mapanga itakatwa mara kadhaa kwa sekunde, na chumba kizima kitapepesa. Wageni watasema taa ni mbovu, na fundi atabadilisha taa ambayo haina kosa. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Pangaboi la inchi 56 lina nusu kipenyo cha sentimita 71. Mwale wa nyuzi 60, ukishateremka mita 1.5, umeshapanuka sentimita 87 kila upande. Jumlisha: taa ikae angalau mita 1.58 kutoka katikati ya pangaboi. Mwale wa nyuzi 120 ungetaka zaidi ya mita 3, na katika chumba cha mita 5 kwa 6 hapo umeshafika ukutani au kwenye kona.

Gawa sebule yetu kwa mistari mitatu ya taa tatu tatu, halafu iondoe ya katikati uliache pangaboi pale. Zinabaki nane. Zilizo karibu zaidi na pangaboi ziko mita 1.67 kutoka katikati, kwa hiyo zote zimepona. Taa nane za wati 12, lumeni 1,000 kila moja, mwale nyuzi 60: zaidi ya nusu ya mwanga unafika chini moja kwa moja, na kuta zikiwa nyeupe utapata karibu luksi 150 mezani hata baada ya vumbi na umri kupunguza sehemu yake. Za nyuzi 120, kwa idadi hiyohiyo na kuta zilezile, zisingekupa hapo zaidi ya luksi 100 hivi.

Taa hizo nane zinakula wati 96. Huku karibu na ikweta jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, hivyo kadiria saa tano za kuwasha kila siku. Ni uniti 14.4 kwa mwezi. Kwa mteja aliye kwenye kundi la watumiaji wadogo wa TANESCO, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, sebule peke yake imekula karibu sehemu moja ya tano. Ndiyo sababu taa hizo zisifungwe kwenye swichi moja. Nne za kona kwenye swichi yake, nne za kati kwenye swichi nyingine, na jioni ya kawaida familia inawasha nusu tu. Gharama yake ni mita chache za waya wa milimita 1.5 za mraba na swichi ya pili, lakini hufanywa kabla jipsamu haijafungwa. Baadaye ni kubomoa.

Na daftari la mtoto? Luksi 150 hazimtoshi, na kwa bibi yake upungufu ni mkubwa zaidi. Kwa umri wa miaka 60, lenzi ya jicho imeingia umanjano na mboni imepungua kufunguka, kiasi kwamba retina inapata kama theluthi moja tu ya mwanga inaoupata ya kijana wa miaka 20. Kuilazimisha dari ya mita 4.5 iwape hao wawili luksi 300 ni kuongeza taa maradufu kwa ajili ya eneo la mita moja ya mraba. Taa ya mezani ya wati 5, iliyo nusu mita juu ya kitabu, inamaliza kazi hiyo. Dari ya juu iachiwe kazi ya kuonyesha chumba. Kazi ya macho ishushwe karibu na macho.

Kuhusu taa yenyewe, inafaa kujua kilichomo ndani, maana hapo ndipo nzuri na mbaya zinapoachana. LED ni kipande cha nusukipitishi ambacho elektroni zikivuka mpaka wake zinatoa nishati kama mwanga. Nick Holonyak, Mmarekani, alionyesha ya kwanza yenye mwanga unaoonekana mwaka 1962, nao ulikuwa mwekundu. Buluu ilisumbua kwa miaka 30, hadi Isamu Akasaki na Hiroshi Amano kule Nagoya, na Shuji Nakamura katika kampuni ya Nichia, walipoifuga kwa kutumia galiamu nitridi. Wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Bila buluu hakuna nyeupe. Hizo nukta za njano unazoziona taa ikiwa imezimwa ni unga unaofunika LED ya buluu: sehemu ya buluu inapita, sehemu inageuzwa kuwa njano, na jicho linazichanganya likaona nyeupe.

Globu ya zamani ilipoteza karibu umeme wote kama joto, ila joto lenyewe ilikuwa inalitupa mbele, pamoja na mwanga. LED hugeuza labda theluthi moja ya umeme, au zaidi kidogo, kuwa mwanga. Iliyobaki ni joto, na joto hilo haliendi mbele. Linarudi nyuma kwenye kitako, na kwa taa ya kuzama, nyuma ni darini, gizani, kwenye hewa isiyotembea. Kadiri kipande kinavyopata moto ndivyo kinavyofifia mapema. Shika taa mbili za wati 12 mkononi kabla ya kununua. Moja ina mgongo wa aluminiamu wenye mapezi, nzito kama jiwe dogo. Nyingine ni bati jepesi na plastiki. Zote zimeandikwa saa 25,000. Ukiwasha saa tano kila siku, hiyo ni miaka 13 na ushee, na ile nyepesi haitaufikia hata mmoja wa miaka ya mwisho.

Paa zetu zinaongeza neno hapo. Mchana wa Januari bati la Handeni huwaka kiasi kwamba huwezi kuweka kiganja juu yake, na hewa iliyofungwa kati ya bati na jipsamu inaweza kupita nyuzi 50. Kinachowaokoa wenye nyumba ni kwamba taa ya sebule haiwashwi saa nane mchana. Bati ni jembamba, jua likizama linapoa upesi, na saa mbili usiku darini pameshapumua. Duka, ofisi, au ukumbi wa kanisa unaowasha taa mchana kweupe hauna bahati hiyo. Huko taa za kuzama zichaguliwe kwa uzito wa mgongo wake, na matundu ya hewa kwenye paa yasizibwe.

Hata hivyo, kinachokufa kwanza mara nyingi si LED bali draiva, kile kiboksi cheupe kinachoning'inia kwenye waya nyuma ya taa. Kazi yake ni kupokea umeme wa TANESCO unaopanda na kushuka na kutoa mkondo mdogo usiobadilika, tuseme miliampia 300. Ndani kuna kapasita yenye kimiminika, na kanuni ya mafundi wa elektroniki ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazopungua, umri wa kapasita hiyo unakaribia kuongezeka mara mbili. Iweke draiva mbali na mgongo wa taa, juu ya mbao za blandaringi, kadiri waya unavyoruhusu. Halafu soma maandishi yake. Iliyoandikwa AC 85–265V inavumilia jioni ambazo umeme umedhoofika. Iliyoandikwa 220–240V itapepesa au kuzima.

Na jioni hizo zipo. Mtu anaweza kudhani Korogwe imebarikiwa, kwa sababu Mto Pangani unaendesha mitambo ya Hale, megawati 21 tangu mwaka 1964, na chini yake ile ya Pangani mpya, megawati 68 tangu 1995. Lakini umeme huo unaingia kwenye gridi ya taifa kama mwingine wowote, na volti zinazofika kwako zinategemea umbali wako na transfoma ya mtaa, na ni majirani wangapi wamewasha pasi na majiko. Umeme ukikatika na kurudi, ule mshtuko wa kurudi ndio unaoua draiva nyingi kwa mkupuo. Kifaa cha kuzuia mshtuko kwenye bodi ya umeme ni nafuu kuliko kukodi jukwaa la kupandia.

Jukwaa ndiyo gharama ambayo haiandikwi kwenye boksi. Dari ya mita 2.7 unaifikia kwa kiti na ujasiri. Ya mita 4.5 inataka ngazi ndefu na mtu wa kuishika, au jukwaa la mabomba, na makochi yasogezwe. Hivyo kwa dari ya juu nisingenunua taa ambayo LED, mgongo na draiva vimefungwa pamoja moja kwa moja. Nunua ile ambayo draiva inachomolewa kwa plagi yake, na ununue taa mbili au tatu za ziada za aina hiyohiyo siku hiyohiyo. Matundu hayafanani: moja linataka milimita 75, jingine 90, jingine 105, na baada ya miaka minne mzigo wa duka umeshabadilika. Fundi atakuambia atapanua tundu. Akikosea kwa sentimita moja, pete ya taa haitalifunika tena.

Kuhusu rangi ya mwanga nitasema kwa ufupi, kwa sababu ni suala la mapenzi ya mtu. Wengi huchukua kelvini 6500, nyeupe ya kubuluu, kwa imani kwamba inaangaza zaidi. Faida yake katika lumeni ni ndogo, lakini buluu yake nyingi inauambia ubongo kwamba bado ni mchana, na mtoto anachelewa kupata usingizi. Kelvini 3000 inatuliza, 4000 iko katikati na inafaa ukumbi au jikoni. Jambo la maana zaidi ni uaminifu wa rangi, unaoandikwa Ra: chini ya 80, khanga nyekundu inaonekana kama imefuliwa mara nyingi. Kisha elekeza kamera ya simu kwenye taa iliyowashwa pale dukani. Ukiona mistari myeusi inayotembea kwenye kioo cha simu, mwanga huo unapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini wapo wanaoumwa kichwa.

Wadudu nao wana maoni. LED haina urujuanimno wa kutajika, na ya rangi ya joto huvuta wachache zaidi, lakini usiku wa mvua za vuli kumbikumbi hawasomi vipimo. Taa yenye kikombe kilicho wazi itajaa mabawa ambayo hakuna atakayepanda mita 4.5 kuyatoa, kwa hiyo chagua yenye kioo usoni. Ukingo wa tundu nao uzibwe. Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyofanya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, na hapo hahitajiki mtu wa kuwaeleza watu maana ya mbu. Mbu wa malaria hupenda kuingilia uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Dari iliyofungwa vizuri humzuia, na tundu la milimita 90 lenye taa ya milimita 85 humkaribisha tena.

Ipo pia dari ambayo haipaswi kuchimbwa kabisa. Msikiti au kanisa lenye dari ya mita 6 au 7 lingehitaji miale myembamba kiasi kwamba waumini wangekaa kwenye madoa ya mwanga, na kila taa inayokufa ingekuwa mradi wa kamati. Huko taa za kuning'inia kwa minyororo, zilizoshushwa hadi mita 3.5 hivi, zinatoa mwanga uleule kwa nusu ya umeme na zinafikiwa kwa ngazi ya kawaida. Vivyo hivyo kwa nyumba za zamani za mashamba ya mkonge ambazo bado zina dari za mbao. Ubao wa mvule uliokaa miaka 80 ukishatobolewa kwa msumeno wa duara haurudi. Fundi akija na msumeno wake, mwombe kwanza afunge taa za kubandika zenye kichwa cha kugeuza, kwenye reli moja inayofuata boriti. Skrubu nne zinaishikilia, na waya mmoja tu ndio unaopita darini.